Nataka kuwapeleka wazazi Zanzibar wakapumzike, ila mama anasema hana cha kwenda kuangalia huko

BintiMakambako:

Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo vipi.

Naombeni mawazo, maana ndugu zangu wamenichanganya. Baba yangu ana miaka 71, mama 66. Wanaishi Makambako. Baba alikuwa stesheni masta TAZARA, kastaafu miaka 11 iliyopita, na ile reli yote ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi anaweza kukutajia stesheni moja moja bila kumeza mate. Mama ni mkulima wa mahindi, maharage na viazi, na kwaya ya KKKT hajaacha mpaka leo. Wamesomesha watoto watano. Mimi ndiye kitinda mimba, ada yangu waliilipa wakiwa wameshachoka.

Wazee hawa hawajawahi kwenda mahali bila sababu. Ukiwaona safarini ujue ni msiba, harusi, mahafali au hospitali. Mara ya mwisho kuja Dar ilikuwa mahafali yangu. Nikawavusha Kigamboni kwa pantoni ili wasirudi nyumbani bila kuiona bahari. Mama aliiangalia muda wote wa kuvuka, mkoba kaukumbatia kwa mikono miwili, tulipofika ng'ambo akaniuliza, "Sasa tunarudi?" Maji yenyewe hakuyagusa.

Nimejichanga nimefikisha milioni moja na nusu. Nataka niwapeleke Zanzibar siku nne, wakae ufukweni, wasifanye kazi yoyote. Nilipomwambia mama kwenye simu alikaa kimya, halafu: "Nipande basi kutwa nzima nikaangalie maji? Na kuku nimwachie nani?" Baba yeye kauliza kitu kimoja tu, boti inaondoka saa ngapi.

Sasa wakuu. Picha ninazoziona za Nungwi na Paje ni vijana, kaptula na muziki. Sitaki mzee wangu alale na disko dirishani. Mama ana magoti, ngazi ni adui yake. Baba anameza dawa za presha kila asubuhi na sijui boti itamfanyaje. Mavuno kwetu yanaisha Julai, kwa hiyo nawaza Agosti au Septemba. Na swali ambalo naona aibu hata kuliuliza: kwa mliowahi kwenda na wazazi, walikuwa wanafanya nini mchana kutwa? Baba yangu akikaa bila kazi nusu saa anaanza kurekebisha kitasa ambacho hakijaharibika.

Mla_Mbivu:

Dada, mzee wa Makambako unampeleka akakanyage mchanga? Hiyo hela mnunulie bati, au mpe mkononi uone atakavyopumzika mwenyewe.

BintiMakambako:

Nyumba kaka zangu walishaiezeka mkuu. Na hela ya mkononi mama anaigeuza mbolea siku hiyohiyo, namjua.

Bi_Mkubwa_Makunduchi:

Karibuni sana, na wazee nisalimie. Mie mzaliwa wa Makunduchi, sasa nakaa mjini. Nikwambie jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi mpaka wameshalipia chumba: bahari yetu ya mashariki huwa inakwenda zake. Paje, Bwejuu, Jambiani, Matemwe, maji yakipwa yanarudi hadi kule kwenye mwamba, kilomita nzima na zaidi, pakabaki mchanga na vidimbwi. Mtu katoka kwao kaja kuogelea, asubuhi anakuta kina mama wanalima mwani pale pale alipodhani atapiga mbizi. Nungwi na Kendwa, huko kaskazini, maji hayaendi mbali, mtu anaoga saa aitakayo. Lakini huko ndiko kwenye hoteli kubwa na ngoma za usiku, Kendwa zaidi. Kwa wazee wako mie ningesema Jambiani. Kijiji kiko palepale ufukweni, watoto wanapita kwenda skuli, wavuvi wanashona nyavu, mtu hakai kama kafungiwa.

Ila tazama mwezi wa mbinguni kabla hujatazama bei. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndiyo bamvua. Hapo maji yanapwa sana asubuhi kama saa nne na yanajaa jioni kama saa kumi. Kila siku yanasogea mbele kidogo. Baada ya wiki unakuja kwenye maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana, na saa nne asubuhi ndiyo yamejaa. Mtu mwoga wa bahari mlete maji mafu. Mtu anayependa kutembea na kutazama kazi za watu, mlete bamvua.

Agosti kusi bado linavuma, boti itawarusha, na vyumba vimejaa wageni wa Ulaya, bei iko juu. Subiri mwishoni mwa Septemba au Oktoba, kusi limeshalegea. Aprili na Mei usijaribu, masika. Siku nyingine ukipanga, tazama pia Ramadhani imeangukia wapi, maana mchana migahawa mingi hufungwa na mzee wa dawa hawezi kushinda anatafuta chai.

Mama asijitese na nguo za kuogelea. Aingie na kanga zake, nasi ndivyo tunavyooga. Miguuni wavae yeboyebo au raba kuukuu, kule kwenye mawe kuna madude meusi yenye miiba, ukiyakanyaga likizo yako imekwisha. Vitambulisho waje navyo. Ile bima ya dola 44 mnayoisikia ni ya wageni wa kutoka nje ya nchi, nyinyi haiwahusu. Na ukipiga simu kuulizia chumba, taja kwanza kwamba unataka bei ya Mtanzania. Usipoitaja hutaambiwa.

Msafiri254:

Hamjambo majirani. Mimi ni Mkenya, wazazi wangu ni wa Kakamega, na mwaka juzi tuliwapeleka Lamu. Nitakwambia kosa letu. Tulipanga kila kitu tukasahau gati. Ndege inatua Manda, lazima uvuke kwa boti, na tulifika maji yakiwa chini kabisa. Zile ngazi za mawe zilikuwa zimebaki juu hewani, zina ukungu wa kijani, zinateleza kama sabuni. Mama yangu ana kilo zake. Vijana wawili walimbeba kwa heshima zote huku yeye akiwaombea kwa sauti ili waisikie sala. Uliza mahali mnaposhukia kunakaaje maji yakiwa yamekupwa.

Kuhusu mchana kutwa, sisi tulikuwa na bahati ya punda. Lamu mjini magari karibu hakuna, mizigo yote inabebwa na punda, na kuna hata kliniki yao. Baba alifuga punda zamani. Ufuo wa Shela una urefu wa kilomita kama kumi na mbili, watu wanatoka Ulaya kuuona, yeye aliutembelea mara moja akasema ni mzuri. Siku zilizobaki alishinda pale kliniki akibishana na watu juu ya kwato.

Sista_wa_Zamu:

Mimi ni muuguzi. Dawa za presha mzee amezeshwe saa zilezile alizozoea, na zikae kwenye mkoba wa mkononi. Nimewahi kumwona mgonjwa ambaye sanduku lake lilishuka stendi nyingine na dawa zote. Aende kliniki wiki moja kabla, apimwe, aulize kama mojawapo ya dawa zake ni ya kumkojosha, maana kwenye joto la pwani mtu wa Makambako atatoka jasho ambalo hajazoea na anaweza kupungukiwa maji. Anywe maji hata kama hana kiu. Kwenye boti wakae chini, katikati, waangalie mbali na wasisome gazeti. Wale kitu kikavu kabla ya safari, chapati ya kukaangwa na supu ziacheni Feri. Dawa ya kichefuchefu asinunue mwenyewe dukani, aulizie hapohapo kliniki.

Kijana_wa_Kunduchi:

Kabla hujawavusha huko, wajaribu kwanza Mbudya. Boti kutoka Kunduchi ni kama robo saa, kuna vibanda vya makuti na samaki wa kukaanga. Mama akiipenda, endelea na mpango. Akichukia, umepoteza siku moja badala ya nne.

BintiMakambako:

Asanteni sana. Nimepanga mwishoni mwa Septemba, Jambiani usiku tatu na Mji Mkongwe usiku mmoja. Mbudya sitawapeleka, namjua mama, atasema bahari keshaiona. Nitaleta mrejesho.

BintiMakambako:

MREJESHO

Wakuu, tumerudi wiki iliyopita na wazee wameshafika Makambako salama. Nilisema nitaleta mrejesho, huu hapa, ni mrefu, mwenye haraka apite.

Boti tulipanda ya asubuhi. Baba alitaka tuwe Feri saa kumi na moja alfajiri, tukawa wa kwanza hata wabeba mizigo walikuwa bado wanapiga mswaki. Boti iling'oa nanga. Baba akatazama saa yake, akaandika kwenye kile kidaftari chake cha mfuko wa shati, hakusema kitu, ila nilimwona karidhika. Bahari ilikuwa imetulia. Mama alifumba macho saa mbili zote na midomo ilikuwa inacheza, nadhani alimaliza nyimbo zote za sauti ya pili.

Kufika Jambiani ilikuwa karibu saa tano asubuhi, na mimi kwa ujinga wangu niliangukia bamvua. Bi Mkubwa alishasema, nikasoma, nikaelewa, halafu nikapanga safari kwa kalenda ya likizo yangu ya kazini. Tunashuka kwenye teksi, tunapita uchochoro, tunatokea ufukweni. Hakuna bahari. Ni mchanga mweupe, majani ya kijani, vidimbwi, na mbali kabisa mstari mweupe wa mawimbi. Mama akaangalia kushoto, akaangalia kulia. "Ndiyo hii?" Nikamwambia mama, maji yamekupwa, yatarudi. Akasema, "Wameyapeleka wapi?"

Baba hakucheka. Alimfuata mzee mmoja aliyekuwa anapiga kalafati kwenye ngalawa yake, akamwamkia, wakasalimiana sana, kisha akamuuliza swali ambalo nadhani aliuliza kila siku ya maisha yake ya kazi: yanarudi saa ngapi? Yule mzee akatazama tu huko mbali, akajibu, "Saa kumi na nusu yatakuwa hapa kwenye mnazi."

Kabla sijaendelea, habari ya chumba. Nilikuwa nimepiga simu mara mbili kuomba chumba cha chini kwa sababu ya magoti ya mama, nikakubaliwa mara mbili. Tulipofika tukapewa cha juu, ngazi kumi na tisa, nimezihesabu, za mawe, hazina pa kushika. Cha chini kakaa mgeni mwingine. Nilikuwa tayari kupandisha sauti, mama akanivuta nguo. Mwishoni tukahamia nyumba ya wageni ya jirani, ndogo, vyumba vinane, mlango unafungukia mchangani. Ukiniuliza leo, omba wakutumie picha ya mlango wa chumba chenyewe, ya kitanda haina kazi.

Saa kumi kasoro baba akakaa chini ya mnazi. Amevaa suruali ya kitambaa, shati la mikono mirefu, na viatu vya ngozi vilivyopigwa kiwi tangu Makambako. Nikamwambia baba vua viatu, akasema yuko sawa. Maji yakaanza kuja. Hayaji kwa kishindo kama nilivyodhani, yanapenya. Kidimbwi hiki kinaungana na kile, njia ya ngalawa inajaa, unageuka kuongea na mtu, ukirudisha macho ule mchanga uliokuwa mkavu unameremeta. Baba kashika saa mkononi, kaivua kabisa. Maji yalipogusa shina la mnazi ilikuwa saa kumi na dakika thelathini na tano. Akaandika. Akamgeukia yule mzee wa ngalawa: "Dakika tano." Yule mzee akamjibu, "Na mnazi wenyewe umeinama." Wakacheka mpaka baba akasahau miguu, wimbi likamwingia kwenye viatu. Hapo ndipo alipovivua, akavianika, na sikuviona tena miguuni mwake hadi siku ya kuondoka.

Kuanzia hapo mimi nilikuwa na wazee wawili wenye ratiba. Baba: siku ya pili kupwa saa 5:05, kujaa saa 11:15, siku ya tatu kupwa 5:45, kujaa 11:55. Alikuwa anapita kwenye vile viti virefu kuwaambia wageni, wale wanaosikia Kiswahili na wasiosikia, maji yatafika saa ngapi. Papasi mmoja alikuja kumuuzia safari ya pomboo. Akaulizwa chombo kinaondoka saa ngapi, kinarudi saa ngapi, na kama kikichelewa abiria anarudishiwa nini. Kijana wa watu akaaga mwenyewe.

Mama sasa. Siku ya kwanza usiku hakulala vizuri, anasema bahari inapumua. Asubuhi dada wa usafi alipokuja alikuta vitanda vimetandikwa, sakafu imefagiliwa na mataulo yamekunjwa. Alinifuata mimi akidhani mama hakuridhika na usafi. Nikamwelezea. Kesho yake akaacha ufagio mlangoni makusudi, na mimi nikajifanya sijaona.

Niliwaza nimekosea. Picha niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa mama kalala kwenye kile kiti, mwavuli juu, kashika dafu. Alikikalia kama dakika kumi, kwa pembeni, kama yuko kwenye benchi la zahanati. Halafu akawaona wale kina mama wa mwani.

Maji yalikuwa yamekupwa, wako mbali, wameinama na kanga zao. Mama akaniambia, "Wale wanapalilia nini?" Nikasema ni mwani, mama. "Twende." Magoti yote yale, akatembea kule na yeboyebo za bluu nilizomnunulia Kariakoo. Akafika, akasalimia "Kamwene", salamu ya kwetu, kwa mazoea, wakamjibu "Marahaba" kwa kubahatisha, na basi, ikawa imekwisha, ni wakulima kwa wakulima.

Nilisimama pembeni na maji yananifika kwenye kifundo. Mmoja alikuwa amekaa kabisa kwenye maji, kamba imevutwa kati ya vijiti viwili, anachukua kipande cha mwani, anakifunga kwa kikamba chembamba wanachokiita taitai, fundo moja, anasogea shubiri moja, fundo jingine. Mama akauliza mbegu mnatoa wapi. Unakata ule uliokomaa, unaufunga tena. Mbolea? Hamna. Dawa? Hamna. Unavunwa baada ya muda gani? Wiki sita. Mama akanigeukia: "Umesikia? Wiki sita. Maharage yangu hapo ndiyo kwanza yanatoa maua." Wakamwambia asidanganyike, kuna ule mnene uliokuwa na bei nzuri, siku hizi bahari inapata joto unakufa, wanabaki na mwembamba ambao kilo zake hazilipi. Mama akatikisa kichwa akasema na viazi ni hivyohivyo, mwenye lori ndiye anayepanga. Halafu akaketi. Ndani ya maji, na kanga zake, yakamfika kiunoni, akapewa kamba.

Wakuu, mama yangu ambaye Kigamboni hakuigusa bahari alikaa ndani yake hadi maji yalipoanza kurudi na wenzake wakamwambia bibi inuka. Mafundo yake walisema yanakaza mno. Siku ya pili akarudi mwenyewe, hakuniaga. Baba akawa anatoka ufukweni anampigia mluzi dakika ishirini kabla maji hayajageuka.

Mjini nitaandika kwa ufupi. Forodhani baba alikunywa juisi ya miwa yenye tangawizi glasi tatu. Mama alimtazama pweza, akasema huyo ana miguu mingi kuliko mahitaji, akala muhogo wa kuchoma. Mkunazini, pale kanisani palipokuwa na soko la watumwa, hakusema chochote mpaka tulipofika mbali. Darajani ndiyo alichangamka. Aliona viazi. Akaviokota kimoja, akakwangua ganda kwa ukucha, akasema hivi ni vya kwetu. Muuzaji anasema, "Mbatata hizo bibi, zinatoka bara." Akauliza kilo bei gani. Akatajiwa. Sitaiandika hapa, ila alirudia ile bei mara tatu njia nzima hadi bandarini, na kwenye basi la kurudi Makambako naambiwa aliwasimulia abiria wa viti vya nyuma.

Gharama: milioni moja, laki saba na themanini, tangu nauli ya basi toka Makambako na kurudi. Nimezidisha bajeti, nadaiwa na rafiki yangu mmoja, hilo ni langu. Sista, baba alipimwa presha aliporudi, iko palepale ilipokuwa, na maji alikuwa anakunywa kwa saa.

Mla_Mbivu:

Dada nimesoma yote. Bati nafuta kauli. Ila na mimi nauliza, mzee anasemaje sasa hivi akiwa nyumbani?

BintiMakambako:

Anapiga simu jioni. Zamani alikuwa anauliza nimekula nini, siku hizi ananiambia, "Jambiani sasa hivi yanajaa." Anahesabu kwenye daftari, kila siku anaongeza dakika arobaini kama zile alizozipima. Juzi nikaangalia kwenye simu jedwali la maji, kakosea kwa zaidi ya saa moja na kila siku anazidi kupotea. Sijamwambia.

Bi_Mkubwa_Makunduchi:

Mwambie. Arobaini ni za bamvua. Yakiingia maji mafu yanachelewa zaidi, siku nyingine hata saa nzima na zaidi, ndipo hesabu inapomtoroka. Na kina mama wa mwani wa Jambiani mmoja ni wifi yangu, habari za bibi wa bara anayefunga mafundo ya kukaza nilizisikia kabla hujaandika.

BintiMakambako:

Haa, dunia ndogo. Wifi msalimie sana.

Nimempigia sasa hivi. Nimemweleza yote kama ulivyosema. Alikaa kimya nikadhani simu imekata. Kisha akaniuliza ratiba gani hiyo inabadilika katikati ya wiki, na kwamba jambo kama hilo mtu hawezi kulipokea kwa simu, lazima akasimame palepale kwenye mnazi wakati wa maji mafu apime mwenyewe. Mama kamnyang'anya simu. Anauliza ni lini, na safari hii kuku amwachie nani.